Kidato cha nne bila kupaniki: mwongozo kamili kuanzia matokeo ya moko hadi siku ya majibu

Matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, yakibandikwa, wiki hiyohiyo wanafunzi wa kidato cha nne wanaanza kuumwa. Tumbo linasokota, kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi umepaa. Wengine ni kinyume: wakifungua daftari tu, kope zinashuka. Wakipimwa malaria, hawana. Mwalimu wa zamu anaona uvivu, bibi anahisi mkono wa mtu, na mwanafunzi mwenyewe anaamini kichwa chake kimefika mwisho.

Kumbe ni mwili unafanya kazi yake. Ubongo ukishaona hatari, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli, usagaji wa chakula unasubiri. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, halafu wewe unauambia ukae kwenye dawati ukokotoe logarithimu. Hofu ya kiasi inafaa, maana ndiyo inayokuamsha alfajiri. Ikikaa miezi, inakula usingizi, hamu ya chakula na kumbukumbu.

Ushauri unaozunguka mitandaoni kuhusu jambo hili (pumzika, sikiliza muziki, jiamini) si mbaya, ila haugusi kinachomtisha mtahiniwa. Kwa ninavyoona, sehemu kubwa ya msongo wa mtihani ni kutokujua: hujui uko wapi, hujui umebakiza nini, hujui ukianguka utaangukia wapi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu. Kuvuta pumzi kutafuata.

Hatua ya kwanza: jua uko wapi kwa namba

Chukua karatasi yako ya moko, kaa peke yako. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapanga alama za kidato cha nne hivi: A ni maksi 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. A inabeba pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Zinachukuliwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, zinajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Zikifika 34 au 35, hiyo ndiyo ziro.

Sasa chukua mwanafunzi aliyepata D saba. Pointi zake ni 28, daraja la nne, na bweni zima linamwona amekwisha. Lakini akipandisha masomo matatu tu kutoka D kwenda C, anapata 9 kwa zile C na 16 kwa D nne zilizobaki: jumla 25, daraja la tatu. Tena ana C tatu mkononi, na bila C tatu hutafikiriwa kidato cha tano. Tuseme masomo hayo matatu alipata 38, 40 na 41. Anachotafuta ni maksi 7, maksi 5 na maksi 4. Hizo ni mada mbili au tatu katika kila somo, akizishika barabara.

Fanya hesabu hiyo kwa masomo yako, kisha yagawe. Kuna yaliyo salama, kuna yaliyo mpakani (maksi chache zinakutenga na alama ya juu yake), na kuna yaliyo mbali. Muda mwingi uende mpakani. Najua walimu wa Hisabati hawatanipenda hapa, lakini mtu mwenye maksi 9 mwezi wa nane hatakiwi kuipa Hisabati nusu ya usiku wake huku Jiografia ikimsubiri kwenye 42. Aipe saa chache kwa wiki, achague mada zinazoshikika, kama Seti, Takwimu na Akaunti, aondoke na maksi za hapo. Hisabati imekuwa na ufaulu wa chini kuliko masomo mengine kwa miaka mingi, na aliye nayo kwenye F hayuko peke yake. Kama unafanya masomo nane au tisa, kumbuka yanayohesabika ni saba.

Upande wa pili wa hesabu ni ule ambao hakuna anayetaka kuusema kwa sauti. Ukianguka, utaangukia wapi? Mwenye D nne za masomo yasiyo ya dini ana sifa ya msingi ya kuomba kozi nyingi za astashahada vyuoni, ingawa kozi nyingine zina masharti ya ziada. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinapokea hata waliomaliza darasa la saba. Na mtihani unarudiwa: mwaka unaofuata unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Andika njia hizi nyuma ya karatasi yako. Kuna anayeogopa kwamba kuziandika ni kujitabiria mabaya. Mimi nimeona kinyume chake: mwanafunzi aliyeamini kwamba nyuma ya mtihani wa Novemba kuna shimo tu hasomi, anatetemeka.

Hatua ya pili: ratiba ya mtu anayeishi

Ratiba ya kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa sita usiku, iliyopambwa kwa rangi nne na kubandikwa ukutani, hufa Jumatano. Ikifa, inaacha hatia, na hatia inazaa msongo mpya. Anza na saa ulizonazo kweli.

Wa bweni ana prepo (saa za kujisomea usiku) na kengele zinazompangia. Kazi yake ni kuingia prepo akijua atafanya nini. Dakika ishirini za kuchagua daftari ndizo zinazopotea kila usiku. Wa kutwa ana shida nyingine, hasa binti. Anafika nyumbani saa kumi na moja jioni, anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wake. Akikaa na daftari ni saa tatu na nusu, na umeme huenda umekatika. Huyu asijipangie usiku. Aombe kubaki shuleni saa moja baada ya vipindi, darasani au maktaba, pamoja na wenzake wa njia moja ili kurudi kusiwe na hatari. Alale mapema, aamke saa kumi na moja alfajiri nyumba ikiwa kimya. Na amwombe mzazi jambo moja lenye mipaka: "Mama, kuanzia sasa mpaka mwisho wa Novemba, naomba vyombo vya usiku aoshe Juma." Ombi la namna hiyo hukubaliwa mara nyingi kuliko malalamiko ya jumla kwamba kazi zimezidi.

Soma kwa vipande vya dakika arobaini hivi, simama dakika tano, nyoosha mgongo, kunywa maji. Jioni moja kwa wiki iache bila kitabu, bila kuomba radhi: mpira, kusuka, kwaya, madrasa, chochote.

Hatua ya tatu: badilisha namna ya kusoma

Hapa ndipo hofu nyingi inapotengenezwa. Mwanafunzi anasoma notsi mara tano, anapigia mistari, anaridhika. Wiki mbili baadaye anaulizwa, hakuna kitu. Anahitimisha kuwa ana kichwa kizito, wakati kilichotokea ni usahaulifu wa kawaida. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alishaandika mwaka 1885 jinsi tunavyosahau kwa kasi siku za mwanzo, na jinsi kurudia kwa kuachanisha siku kunavyopunguza hasara hiyo.

Funga daftari. Chukua karatasi tupu. Andika sababu za Vita ya Majimaji bila kuchungulia: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, kazi za shuruti, ukatili wa maakida, na kadhalika. Ukikwama, usifungue haraka, sota kidogo. Halafu fungua, uone umeacha nini. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Inachosha kuliko kusoma notsi, na ndiyo maana inakaa. Faida yake kwa msongo ni kwamba unapata ushahidi. Usiku ule hofu inapokuambia hujui kitu, una karatasi inayoonyesha unajua sababu sita kati ya nane.

Mitihani iliyopita nayo itumie mapema, usiisubirie Oktoba. Kwenye tovuti ya NECTA kuna fomati za mitihani, na kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure, zinazoonyesha swali kwa swali waliofaulu waliandika nini na walioshindwa waliteleza wapi, pamoja na mifano ya majibu yenyewe. Sijui kwa nini wanafunzi wanalipa tuisheni kabla ya kusoma hizo. Kama huna simu, mwombe mwalimu wa taaluma achapishe ya somo moja, mpeane.

Halafu kuna lugha, na hapa nitakaa kidogo. Wengi mmesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mtu asiyeelewa sentensi anabaki na njia moja: kuikariri kama ilivyo. Na aliyekariri anajua moyoni kwamba neno moja likichomoka, aya yote inaporomoka. Hofu yake ni ya haki kabisa, na haitatulizwa na maneno ya kutia moyo.

Fanya hivi. Mada yoyote, ielewe kwanza kwa Kiswahili. Mwelezee mwenzako kwenye diskasheni, kwa maneno ya mtaani kabisa, mpaka akuulize maswali na uyajibu. Kisha andika sentensi tano za Kiingereza kuhusu mada hiyo, fupi, kila moja na kitenzi kimoja. Kiingereza kifupi kilicho sahihi kinapata maksi. Sentensi ndefu ya kuazima kitabuni inakupoteza katikati. Mwisho, uwe na daftari dogo la maneno yanayoamrisha kwenye maswali: yale ya kuorodhesha, kueleza, kutofautisha, kutathmini. Mtu aliyeambiwa atofautishe, yeye akaorodhesha, anapoteza maksi za kitu anachokijua. Maneno hayo hayafiki ishirini, na ukiyamudu unaingia kwenye kila pepa ukiwa umepoa.

Hatua ya nne: lala

Shule za bweni zina sifa zao za ushujaa. Yuko anayetumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie, yuko anayesoma chini ya blanketi kwa tochi, yuko anayekunywa vinywaji vya kuongeza nguvu viwili kwa usiku. Asubuhi wanasinzia kwenye kipindi cha Kemia, na kile walichokisoma usiku hakikupata nafasi ya kutulia, kwa kuwa ubongo hupanga na kuimarisha kumbukumbu wakati umelala. Umri wenu unahitaji kati ya saa nane na kumi. Najua bweni haliruhusu hivyo, lakini saa saba ulizozilinda ni bora kuliko nne za kujisifia.

Kafeini ya kahawa, chai nzito na vinywaji hivyo hubaki mwilini muda mrefu. Baada ya saa tano hivi, nusu yake bado inazunguka. Inaongeza mapigo ya moyo na kutetemeka kwa mikono, na mwenye wasiwasi huyasoma hayo kama dalili kwamba anazidi kuharibikiwa. Baada ya saa kumi jioni, iache. Miraa na vidonge vya kukesha mnavyopeana bwenini usiviguse kabisa.

Ukilala na mawazo yakaanza kuzunguka, inuka, yaandike kwenye karatasi jinsi yalivyo, hata yakiwa ya aibu, kisha kwa kila moja andika utafanya nini kesho, au andika "hili siliwezi". Rudi kitandani.

Hatua ya tano: hofu ikikushika ghafla

Moyo unadunda, mikono ina jasho, kila kitu kimefutika. Toa pumzi yote nje kwanza. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa polepole ukihesabu hadi saba. Rudia kwa dakika mbili. Kinachofanya kazi ni ile pumzi ndefu ya kutoka, inayopunguza kasi ya moyo. Kandamiza nyayo sakafuni. Zoea hili kwenye prepo ukiwa mtulivu. Usilijaribu mara ya kwanza kwenye pepa ya Fizikia. Anayesali asali, na sala yenyewe ikisomwa taratibu inatuliza pumzi.

Hatua ya sita: watu wanaokuzunguka

Hofu inaambukiza, na Tanzania tuna mfano unaosomwa duniani kote. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi wachache walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko na kilio vikaenea kwa wenzao, shule ikafungwa mwezi Machi, na hali ikasambaa kwenye vijiji na shule nyingine. Walipopimwa, hakukuonekana sumu wala kiini cha ugonjwa. Wengi walioichambua wanaiona kama mwili kupasua msongo wa pamoja. Hata leo mabweni ya wasichana yanajua siku za kuanguka na kupiga kelele msimu wa mitihani ukikaribia. Wanaoanguka hawajifanyi. Watolewe kwenye kundi, wapelekwe mahali tulivu, wapewe maji, wasizungukwe na watazamaji.

Kwa hiyo chagua wa kukaa naye. Kuna rafiki ambaye kila ukitoka kuongea naye unajua mada moja zaidi, na kuna yule anayekuja na habari: mwaka huu wanabana, mwaka huu mtunzi ni yuleyule. Huyu wa pili msalimie na upite.

Muuza pepa naye ni wa kumkimbia. Oktoba ikifika, makundi ya WhatsApp na Telegram yanajaa watu wanaodai wana mtihani wenyewe. Wengi ni matapeli wa kawaida, wanachukua hela na kutuma karatasi ya mwaka wa zamani. Na hata kama ingekuwa kweli, NECTA hufuta matokeo ya waliothibitika kufanya udanganyifu. Aliyenunua anakesha usiku kucha akikariri majibu ambayo hayatatoka, halafu anaingia chumbani na hofu mbili. Jitoe kwenye kundi.

Mzazi au mlezi, kama unasoma hapa: usimkumbushe mtoto kwamba uliuza ng'ombe. Anajua. Usimtaje wa jirani aliyepata daraja la kwanza. Muulize amekula, amelala, na kuna kazi gani ya nyumbani unaweza kumwondolea. Mwambie mapema, kabla ya mtihani, kwamba yakija yoyote nyumbani ni kwao. Ukilisema baada ya matokeo mabaya litasikika kama faraja tu.

Hatua ya saba: siku zenyewe

Mitihani inachukua karibu wiki tatu, na pepa za asubuhi huanza saa 2:00, za mchana saa 8:00. Usiku wa kuamkia pepa usifungue mada mpya. Pitia karatasi zako za kujiuliza, andaa kalamu mbili, penseli, rula na namba yako ya mtihani, ulale. Asubuhi kula unachokizoea; uji na kiazi vinatosha. Simu iache nyumbani.

Pepa nyingi zina maksi 100 kwa saa tatu. Ukitumia dakika moja na nusu kwa kila maksi, unamaliza kwa dakika 150, zinabaki 30 za kusoma maswali na kupitia. Swali la insha la maksi 15, basi, lisikulie zaidi ya dakika 22 au 23. Anza na swali unalolijua, hata kama ni la nne, ili mkono uanze kuandika. Mkono ukianza, kichwa hufuata. Swali likikukataa, acha nafasi, songa mbele.

Ukitoka chumbani, ondoka. Usisimame chini ya mwembe kukokotoa majibu na wenzako. Pepa iliyokusanywa haibadiliki, ya kesho bado.

Msongo ukizidi

Kuna hali ambayo ratiba na pumzi haviitibu. Kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, unalia bila sababu, huoni maana ya chochote, au umeanza kufikiria kujidhuru au kufa, mwambie mtu mzima leo: matroni, patroni, mwalimu wa unasihi, shangazi, padri, shehe, yeyote unayemwamini. Wa kwanza akikupuuza, nenda kwa wa pili. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, bure, Tanzania na Kenya pia. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili. Kwenda huko ni kama kwenda kutibiwa jino. Na mwenzako akikwambia anataka kufa, usimtunzie siri hiyo.

Baada ya pepa ya mwisho

Matokeo kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Januari. Miezi hiyo miwili ya kusubiri ina msongo wake, na kukaa bure kunauongeza: jifunze kompyuta, msaidie mjomba gereji, uza duka. Siku yakitoka usiyafungue peke yako chumbani; yafungue na mtu mliyekubaliana naye kabla, na ile karatasi yenye njia nyuma yake iwe karibu. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa ada ya juu zaidi. Kwa hiyo ukihitaji kurudia somo, jipe siku mbili tatu za kuumia, kisha nenda kituo cha mtihani kilicho karibu nawe na namba yako ya mtihani, uulize tarehe ya mwisho.